Sahani ya Bwana Bruhn

Siku Ewart Bruhn aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mlango wa mbele wa nyumba yake ulifunguliwa kwa mara ya kwanza tangu jeneza la mama yake lilipotoka. Katika mji wa Glenorrin mlango wa mbele ni wa maiti na wa mchungaji. Walio hai hupitia uani, jikoni. Lakini kiti cha magurudumu hakikuweza kukata kona ya jikoni. Kwa hiyo mkewe, Nola, alizipaka bawaba mafuta, akavuta, akasukuma kwa bega, na mlango ukaitikia kwa kilio.

"Sijafa, mama," Ewart alisema. Kiharusi kilikuwa kimeupinda mdomo wake upande mmoja, na maneno yalitoka yakiburuta mguu. "Waambie majirani wasilete maua."

"Nyamaza uingie. Maua ya bure hayakataliwi."

Kitanda cha hospitali kilikuwa kimewekwa sebuleni, maana hakikuenea kwingine. Sebule yenyewe ilikuwa ya fahari. Darini mlikuwa na mashada ya maua ya lipu, na kulikuwa na madirisha matatu marefu kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari, yote yakitazama kusini. Mtu anayeishi huku kusini kabisa mwa dunia anajua maana yake. Jua la huku hupita kaskazini. Kusini hutoka upepo uliolala kwenye barafu, na madirisha yale yalikuwa yameukaribisha upepo huo tangu enzi za Malkia Viktoria. Ukuta wa kaskazini, ambao jua huuchoma kutwa nzima, ulikuwa jiwe tupu, mnene kama kifua cha fahali, usio na tundu hata la panya.

Aliyeijenga nyumba hiyo ni babu wa babu yake Ewart, Severin Bruhn, msanifu majengo aliyekuja kwa meli kutoka Denmaki. Kwao Denmaki jua hukaa kusini na baridi hushuka kutoka kaskazini. Bwana Bruhn aliivuka dunia nzima na rula zake, kalamu zake, na kusini yake. Alijenga benki, posta, kanisa, ukumbi wa mji na nyumba za wakubwa, na zote zikalipa jua mgongo. Watu wa Glenorrin walikohoa, wakamsifia ngazi zake nzuri, kisha kila familia ikajibandikia kibanda cha bati upande wa jua ikahamia humo. Nola na Ewart walikuwa wameishi katika kibanda chao cha jikoni maisha yote ya ndoa yao, tena kwa furaha. Sebule waliitumia kulaza maiti na kuhifadhi matufaha yasioze.

Sasa Ewart ndiye aliyehifadhiwa humo.

Wiki ya pili nesi Jocelyn alikuja kumwangalia. Alimsikiliza kifua, akapitisha kidole ukutani, kidole kikatoka na maji. Nyuma ya kitanda ukungu mweusi ulikuwa umeanza kupanda, umekaa kama ramani ya nchi isiyojulikana. Ewart alikuwa amevaa kofia ya sufu na glavu, na chupa mbili za maji ya moto zilikuwa chini ya blanketi.

"Hita mnawasha?" nesi aliuliza.

"Inawaka usiku na mchana," Nola alisema. "Inaota moto yenyewe. Sisi hatusikii kitu."

Nesi alimvuta pembeni, karibu na dirisha, halafu akaona ni afadhali wakazungumzie jikoni. Huko, mikono yake ikiwa imekumbatia kikombe, alisema taratibu, "Bi Nola, kifua chake kinaanza kujaa. Chumba kile kikibaki hivi hadi mwisho wa majira ya baridi, sitakuwa na la kufanya ila kuandika apelekwe kwenye nyumba ya wazee, kule mji mkubwa."

"Mjini ni mbali. Mimi sina gari tena."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakwambia mapema." Nesi alikunywa chai yake, akatazama nje. Paka wa nyumba, Bosun, alikuwa amejinyoosha chini ya ukuta wa kaskazini, tumbo juu, jua likimpiga. "Laiti kitanda kingekuwa alipo huyo."

Nola alimtazama paka. Kwa miaka yote hiyo hata paka alikuwa anajua.

*

Hemi, mwana wa jirani yake Rewa, alikuwa fundi. Alikuja na penseli sikioni, akaugonga ukuta kwa ngumi kama mtu anayebisha hodi.

"Siku mbili, shangazi. Nakata hapa, natia mhimili wa juu, naweka dirisha. Dirisha lenyewe ninalo, lilitoka shule ya zamani ilipovunjwa. Kioo maradufu, bado zima. Bei yake ni keki."

"Keki gani?"

"Ile ya sponji yenye krimu. Usinifanye nitaje, mate yananitoka mbele ya mgonjwa."

Ewart alicheka kwa nusu ya mdomo. Nola alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu kilichokuwa kimekazwa tangu siku aliyomkuta mumewe sakafuni kando ya jiko. Lakini Hemi alikuwa bado anakuna kichwa.

"Kuna kamati, shangazi."

Naam, kamati. Kamati ya Urithi wa Bruhn ilikuwa imeundwa miaka michache tu iliyopita, alipohamia Glenorrin Bwana Rodney Tillard, mhadhiri mstaafu kutoka Okland. Yeye ndiye aliyewafumbua macho watu wa Glenorrin wakajua kwamba mafua yao yalikuwa sanaa. Aliandika kijitabu. Humo ukuta wa kaskazini wa nyumba ya Nola aliupa jina, Ukuta wa Ukimya, na watalii walianza kuletwa kuutazama. Nola alikuwa amekwisha ombwa kwa adabu auhamishe ule waya wa kuanikia nguo, kwa sababu suruali za ndani za Ewart zilikuwa zinaharibu picha.

Aliuhamisha. Sasa nguo zilikauka upande wa kusini, yaani, hazikukauka.

*

Kamati ilikuja siku ya Alhamisi, na ilipita mlango wa mbele.

"Nani kafa?" Ewart aliuliza kitandani aliposikia bawaba zikilia.

"Hakuna, ni kamati tu," Nola alisema.

"Basi nipe muda."

Waliingia watatu: Bwana Tillard, shali ya hariri shingoni, Mzee Lorne McSkimming, ambaye alikubaliana na kila mtu aliyeongea mwisho, na Mzee Dougal, ambaye alikuwa kiziwi na alipendwa na mwenyekiti kwa hilo. Nola alikuwa ametandika meza jikoni, chai na biskuti za tangawizi, lakini Bwana Tillard aliinua mkono.

"Hapana, Bibi Bruhn, tukae humu. Humu ndimo anamoongea."

"Nani?"

"Bruhn."

Basi walikaa humo, na makoti yao, huku pumzi zikiwatoka kama mvuke wa birika. Nola aliwaletea chai, ikapoa kabla ya sukari kuyeyuka. Akaeleza. Hakuwa mzoefu wa kuomba, na maneno yalimtoka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: kiharusi, kifua, nesi, nyumba ya wazee. Dirisha moja tu. Hemi angekata kwa uangalifu.

Bwana Tillard alisikiliza kwa huruma ya kweli. Alikuwa na uso mzuri wa kusikiliza. Kisha akasimama, akauweka mkono juu ya ukuta ule uliolowa, akafumba macho.

"Bibi Bruhn, unajua huu ni nini?"

"Ni ukuta, bwana."

"Ni uamuzi. Fikiria. Kijana yuko ugenini, jua lote liko upande huu, na yeye analikataa. Kwa makusudi! Anasema: mimi sitakwenda na mkumbo. Wasanifu wote wa wakati wake walikuwa wanafungua madirisha. Bruhn peke yake alinyamaza."

"Alikosea," Ewart alisema kitandani.

"Samahani?"

"Alisahau kwamba huku dunia imegeuka. Babu alikuwa anatusimulia, tunacheka mpaka basi."

"Masimulizi ya familia," Bwana Tillard alisema kwa upole, "yana utamu wake." Akafungua kijitabu chake mwenyewe, akatafuta ukurasa. "Lakini mtu aliyekosea hafi 'akiwa amezungukwa na mwanga aliouabudu.'"

"Alifia jikoni," Ewart alisema. "Kichomi. Kofia mbili kichwani."

Mzee Lorne alicheka, akamwona mwenyekiti, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Katika chumba kile kikohozi hakikushangaza mtu.

Walikataa. Walikataa vizuri, kwa maneno laini, hata Nola akajikuta anawashukuru. Mlangoni Bwana Tillard alikumbuka jambo.

"Jumamosi ijayo ndiyo Siku ya Bruhn. Atakuja mgeni wetu, Bi Kirstine Aagaard, kutoka makumbusho ya kwao kabisa, Denmaki. Chakula cha mchana ukumbini. Kama kawaida, kina mama walete sahani. Ile sponji yako, Bibi Bruhn, nimekwisha mwandikia habari zake."

"Ndiyo, bwana."

"Kisha tutamleta hapa aione sebule." Aligeuka, akashusha sauti, ingawa Ewart alikuwa hatua chache tu nyuma yake. "Kile kitanda... Unaelewa. Si cha enzi ile. Chuma, magurudumu. Kama mumeo, Bwana Bruhn, angeweza kutolewa, kwa saa moja au mbili tu."

"Kutolewa wapi?"

"Popote," alisema Bwana Tillard. "Nje ya picha."

*

"'Nje ya picha!'" Rewa alirudia, akaupiga unga kofi. "Na wewe ukasema nini?"

"Nikamwambia ndiyo, bwana."

"Nola!"

"Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, mwenzangu. Mtu akishika sinia hagombani."

Walikuwa wamekaa katika kibanda cha jikoni, jua limejaa mezani. Rewa alikuwa jirani na rafiki, mwenye sauti ya kuitia watu upande wa pili wa bonde. Kila asubuhi tangu Ewart aanguke alikuja kumsaidia Nola kumgeuza, na kila mara alisema alikuwa anapita tu.

"Yeye nyumba yake umeiona?" Rewa alisema. "Kule kilimani? Kioo kitupu, kaskazini kote! Sakafu ina moto. Elspeth wa Mzee Lorne alikwenda kufanya usafi, anasema alimkuta na kaptula. Julai, na baridi yote hii! Anakaa na kaptula anaandika sifa za baridi yako."

Nola alianza kucheka, kicheko kikamponyoka kikawa kilio. Rewa aliacha unga, akamshika mikono kwa mikono yake myeupe ya unga. Paka aliingia, akawatazama, akatoka kwenda kwenye ukuta wake.

"Wakimpeleka kule mjini," Nola alisema baadaye, "hatamaliza hata mwezi. Namjua. Atakuwa na adabu, atasema asante kwa kila mtu, halafu atakufa ili asiwasumbue."

"Basi usioke."

"Nisioke?"

"Sponji. Wanaitaka? Wakaioke wao."

Nola alijifuta macho kwa aproni, na macho yake yakaenda dirishani, kule ng'ambo ya barabara kwenye makumbusho madogo ya mji. Ndani ya kabati la kioo pale kulikuwa na sahani ya Bwana Bruhn, na mtoto yeyote wa Glenorrin angeweza kukusimulia habari zake. Mwaka aliofika, kanisa lilifanya karamu, na tangazo likasema kama yanavyosema matangazo yote ya nchi ile: kila mtu alete sahani. Maana yake ilete na chakula. Bwana Bruhn alikuwa anakihesabu Kiingereza neno kwa neno. Aliwahurumia watu maskini hawa wasio na vyombo vya kutosha, akaichagua sahani yake nzuri kuliko zote, akaisugua, akaileta. Tupu. Kina mama walimwona amesimama mlangoni nayo, uso umeanza kumwiva, na kabla hajaelewa aibu yake walikuwa wameijaza: huyu pai, huyu nyama baridi, huyu kipande cha keki. Alikwenda nyumbani akiwa amebeba chakula kuliko alichokula.

Bwana Tillard, katika kijitabu, alisema ile sahani tupu ilikuwa falsafa.

"Nitaleta sahani," Nola alisema polepole.

"Utaoka?"

"Nimesema nitaleta sahani. Kama alivyoileta babu."

Rewa alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikapanda, na sebuleni sauti ya Ewart ikaburuzika: "Mnacheka nini huko? Leteni na huku!"

*

Siku ya Bruhn ilipambazuka na sakitu nyeupe na mbingu isiyo na wingu. Ukumbi wa mji, kazi ya Bwana Bruhn mwenyewe, ulikuwa na madirisha makubwa ya kupendeza, yote kusini, na ndani watu waliketi wamejikunyata kama kuku wa mvua. Bwana Tillard alihutubia. Alisema Bruhn alikuwa amewafundisha wakazi kuishi ndani ya nafsi zao. Mzee Dougal, aliyekuwa hajasikia, alipiga makofi ili mikono ipate joto.

Kwenye meza ndefu sahani zilikuwa zimepangwa, kila moja imefunikwa kitambaa safi. Sahani ya Nola ilikuwa mwishoni.  Katika maisha yake yote hakuwahi kuingia mahali mikono mitupu, na kuivuka barabara na sahani ile nyepesi kulikuwa kumemtia haya kuliko kutembea bila viatu.

Mlango ulifunguliwa, akaingia mgeni. Bi Kirstine Aagaard alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mvi, pua imeiva kwa baridi. Alikuwa amevaa koti jepesi la Julai ya kwao, na mkononi alikuwa ameshika sahani. Nzuri, ya bluu na nyeupe. Tupu.

 Mgeni aliiona meza, akaviona vile vitambaa vilivyofunika, na Nola aliuona uso wake ukianza kubadilika. Kila mwanamke mle ndani aliujua uso ule, ingawa hakuna aliyekuwapo ulipoonekana mara ya kwanza.

"Niliambiwa nilete sahani," mgeni alisema kwa sauti ndogo. "Mimi... nadhani sikuelewa."

Nola alisimama. Hakuwa amepanga hivyo. Alikuwa amepanga kukaa kimya mpaka aulizwe. Lakini hakuweza kumwacha mtu na uso kama ule.

"Umeelewa vizuri kabisa, mama," alisema, akakiondoa kitambaa chake.

Sahani yake ilikuwa tupu, inang'aa.

Rewa akaondoa chake. Tupu. Elspeth, mke wa Mzee Lorne, akaondoa chake, halafu mke wa Mzee Dougal, halafu mke wa mchungaji, aliyefumba macho kwanza kama anayeomba. Kitambaa baada ya kitambaa, meza nzima, sahani zilizosuguliwa zikamulika dari. Nola alitazama meza ile. Alikuwa amemwambia Rewa peke yake. Lakini Rewa, tulisema, alikuwa na sauti ya kuvuka bonde.

"Oh!" Bi Kirstine alipumua, rangi ikamrudia. Aliiweka sahani yake ya bluu katikati ya zile nyingine. "Basi hivi ndivyo ilivyo mila! Nilikuwa na hofu nimekosea."

Bwana Tillard alikuwa amesimama na kijitabu mkononi.  Alimfuata Nola mezani, akanong'ona huku akitabasamu kwa upande wa mgeni.

"Bibi Bruhn. Sponji iko wapi?"

"Sponji, bwana?" Nola alisema, na kwa kuwa safari hii hakuwa ameshika sinia, hakunong'ona. "Nimeleta sahani kama Bwana Bruhn. Aliileta tupu kwa makusudi, umeandika mwenyewe. Niliogopa kuweka kitu juu yake nikaharibu urithi."

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Halafu wa pili. Baadaye haikujulikana tena nani anakohoa na nani anacheka.

"Lakini mgeni," Bwana Tillard alisema, shali yake ikionekana kumbana, "mgeni ana njaa."

"Hatalala njaa mtu hapa. Chakula kipo. Tumekiweka kwangu, nje, upande wa kaskazini. Hakikuingia kwenye sahani, ndiyo maana."

*

Chini ya Ukuta wa Ukimya meza tatu zilikuwa zimetandikwa: moja ya Nola na Rewa, na mbili za kina mama wengine, waliozileta Nola alipokwisha kwenda ukumbini. Palikuwa na pai za nyama, sandwichi za mayai, biskuti za tangawizi, na katikati, juu ya kisimamio chake, sponji ya Nola, pana kama kofia ya askofu, krimu ikichungulia pande zote. Alikuwa ameioka alfajiri. Kususa alikuwa amekubali, lakini kumnyima mtu chakula kulikuwa kumemshinda.

Na kando ya meza, kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, kofia ya sufu mfukoni, alikuwa Ewart. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo Nola hakuwa ameiona tangu baridi ianze.

"Si mlisema nitolewe?" Ewart alimwambia Bwana Tillard. "Nimetolewa."

Jua lilikuwa limelala ukutani tangu asubuhi, na jiwe lile zito lilikuwa linalirudisha taratibu, kama mtu mwema anavyorudisha chombo cha jirani. Watu walifika wamejikunja. Kabla ya pai ya kwanza kuisha walikuwa wamefungua vifungo. Kabla ya ya pili, makoti yalikuwa yametundikwa kwenye uzio. Bi Kirstine aliegemeza mgongo ukutani, akafumba macho.

"Ni joto sana hapa," alisema. "Kwa nini nyumba inatazama kule kwenye baridi?"

 Watu walitazama sandwichi zao.

"Ah," mgeni alisema, bila kufungua macho. Akaanza kutabasamu. "Maskini. Alisahau."

Bwana Tillard hakuwa na pa kukaa ila kigoda kando ya Ewart. Alikaa. Alikuwa ameishika sahani yake kwa kimo kilekile kwa muda mrefu bila kula. Ewart alinyoosha mkono wake mzima kuchukua kikombe, mkono ukatetemeka, chai ikayumba kuelekea kwenye blanketi. Bila kuombwa, bila hata kugeuza kichwa kuona kama anatazamwa, Bwana Tillard aliuweka mkono wake chini ya kikombe, akakishikilia mpaka Ewart akanywa. Kisha akampangusa kidevu kwa ile shali ya hariri.

Nola aliliona hilo. Hakuwahi kulisahau, hata baadaye alipokuwa na sababu nyingine za kumsema mtu yule.

"Mkono wako una joto leo," Ewart alisema.

"Ni ukuta huu."

"Ndiyo." Ewart alimeza. "Upande huu."

Bwana Tillard alitazama mkono wake. Alitazama paka, aliyekuwa amelala juu ya kiatu chake. Alikaa hivyo kwa muda wa kipande kizima cha sponji, na watu walimwacha akae. Mwishowe alisafisha koo.

"Kwa kuwa kamati nzima ipo," alisema, sauti ikiwa haina tena mlio wa hotuba, "kuna ombi la Bibi Bruhn. Dirisha. Dogo."

"La kiasi," alisema Hemi, aliyekuwa amesimama karibu na toroli lililofunikwa turubai, akitazama mawingu ambayo hayakuwapo.

"La kiasi. Wanaokubali?"

Mzee Lorne alimtazama mwenyekiti, halafu akamtazama mkewe Elspeth, ambaye alikuwa ameishika sahani tupu kifuani na kuipiga kidogo kwa ukucha, ting, ting. Mzee aliinua mkono haraka hata krimu ikaruka. Mzee Dougal hakuwa amesikia, lakini mkewe alimwinulia mkono wake.

"Na mwenyekiti?" Rewa aliuliza kwa ile sauti yake ya kuvuka bonde.

Mwenyekiti aliinua wake.

*

Hemi alikata ukuta kwa siku mbili, kama alivyosema, na siku ya tatu nesi Jocelyn alipokuja alimkuta mgonjwa wake ameketi na shati tupu, amesinzia, mraba wa jua umemlalia magotini. Alisikiliza kifua chake. Kisha akatoa fomu aliyokuwa amebeba kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, akaifanya kitako cha kikombe chake cha chai.

Kipindi cha maua kilipofika kamati ilibandika kibao chini ya dirisha. Nola alitoka kukisoma, aproni mkononi. Kibao kilisema kwamba Severin Bruhn, kwa maono ya ajabu, aliuacha ukuta huu mtupu ili vizazi vijavyo vije kuufungua. Watalii waliendelea kuja. Walipiga picha dirisha, na dirishani Ewart aliwapungia mkono ule mzima, akawa ndani ya picha zote.

Waya wa nguo ulirudi mahali pake. Hakuna aliyeomba kibali.

"Njoo uone walivyoandika," Nola alimwambia mumewe, akicheka, "eti alikuachia kazi umalizie."

"Mwache mzee wa watu," Ewart alisema. "Alitoka mbali." Akafikiri kidogo. "Sogeza kiti, mama. Jua limehama."

Alikisogeza. Bosun alinyanyuka, akajinyoosha, akahama nao.